Jiwe la Veracruz ndo hili hili la Kaole

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni toka mwezi uliopita na barazani nimeliongea mpaka sauti imekauka, bora niliandike.

Mdogo wangu ni baharia. Meli yao ilitia nanga Veracruz, mji wa bandari huko Meksiko, akanitumia picha watsapu bila maneno yoyote, ukuta tu umepigwa kwa karibu kabisa. Nikadhani karudi yuko Kaole, kwenye magofu yetu ya kale hapa Bagamoyo. Maana ukiangalia lile jiwe unaiona michirizi ya tumbawe imejikunja kunja kama ubongo, vitundu vitundu, na chokaa katikati ya mawe, sawasawa na ukuta wa msikiti wa Kaole ambao nimeushika toka niko shule ya msingi. Nikamuuliza umerudi lini bila kusema? Akasema kaka, hii ngome ya Wahispania, inaitwa San Juan de Ulúa, ipo hapa hapa bandarini.

Basi nikaanza kusoma. Kumbe pale palikuwa kisiwa kidogo juu ya miamba, Wahispania wakaanza kujenga mwaka 1535 hivi, na jiwe wakalitoa baharini humo humo, matumbawe, wenyewe wanaliita múcara. Ukutani zimebaki pete kubwa za chuma walizokuwa wanafungia majahazi yao. Meksiko ilipata uhuru 1821 lakini Wahispania waling'ang'ania hiyo ngome mpaka 1825, baadae ikawa jela mbaya sana, hata Benito Juárez aliyekuja kuwa rais alifungwa mle. Na kabla ya yote hayo, Veracruz ndo ilikuwa mlango mkubwa wa kuingizia Waafrika waliouzwa utumwani. Hapo nikaiweka simu chini kwanza. Sisi wa Bagamoyo huo mlango tunaujua kwa upande wa kutokea, watu walitembea kutoka Ujiji kule Ziwa Tanganyika na pembe za ndovu mabegani mpaka hapa.

Ila kilichonishika zaidi ni mji unaitwa Yanga, jimbo hilo hilo la Veracruz. Yanga alikuwa Mwafrika, alitoroka utumwani karne ya 16 akaingia milimani na wenzie, Wahispania wakatuma jeshi 1609 wakashindwa kuwamaliza, mwisho wakakubaliana nao wakapewa mji wao wakae huru. Mwaka 1932 mji ukapewa jina lake. Sanamu yake imesimama pale na kila mwezi wa nane kuna kanivali. Yaani mtoto wa kule akiulizwa anatoka wapi anataja jina la mtu aliyekataa kufungwa minyororo.

Sasa nirudi kwenye jiwe, maana ndo hasa nilichotaka kusema.

Babu yangu alikuwa anachoma chokaa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wanavyopanga magogo ya mnazi kwa duara, vipande vya matumbawe juu yake, moto unawaka usiku kucha, asubuhi wanamwagia maji ule mlima unapasuka wenyewe pa pa pa unageuka unga mweupe, afu inaachwa ikae muda mrefu ndo ijengewe. Alikuwa anasema nyumba ya mawe inatoa jasho kama mtu. Unyevu unapanda kutoka chini, chokaa inauachia utoke.

Miaka michache nyuma nyumba moja ya ukoo hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo ilikarabatiwa, fundi akaja na mifuko ya simenti akapiga plasta nzuri nyororo, tukasifia wote. Haikumaliza masika mbili. Plasta ilibanduka bamba zima likaanguka kibarazani usiku, asubuhi nikaingiza kidole ukutani jiwe linamomonyoka kama sukari, chumvi nyeupe imejaa, na boriti mbili zimeoza kwenye vichwa pale zinapoingia ukutani. Simenti ilifunga maji ndani. Simlaumu fundi, hakuna aliyemfundisha, na mwenye nyumba alitoa hela yake kwa nia njema kabisa.

Wameksiko chokaa hawajaiacha, hata mahindi ya zile chapati zao wanachemshia na chokaa! Na wana taasisi ya serikali ya kulinda mambo ya kale toka 1939, inaitwa INAH, jumapili raia wanaingia bure kwenye magofu na makumbusho yake. Mji wao mwingine wa Tlacotalpan, kando ya mto, nyumba za rangi rangi zenye vibaraza, uliingia Urithi wa Dunia 1998, na watu wanaishi mle ndani kama kawaida, wanapika, wanapiga ngoma zao. Sisi sheria ya Mambo ya Kale tunayo toka 1964, na njia yetu ya watumwa na pembe ipo kwenye orodha ya kusubiri Urithi wa Dunia toka 2006. Tunasubiri huku kuta zinaanguka.

Ombi langu ni dogo. Wahusika wakitoa kibali cha kukarabati nyumba ya mawe waandike wazi kwamba ni chokaa, simenti hapana. Sisemi tukavunje matumbawe baharini, hayo samaki wanayahitaji na tumeshayaharibu ya kutosha, chokaa ya mawe ya kawaida inapatikana Tanga hapo. Na wenye nyumba wasaidiwe bei, wengi ni wajane na wazee, mtu hawezi kuacha paa linavuja akanunue historia.

Halafu kuna mzee mmoja mtaani kwetu bado anajua kukoroga na kupima chokaa kwa mkono, anajua ikae siku ngapi, mchanga upi wa kuchanganya. Macho yameanza kumsumbua. Vijana wanne watano walipwe posho wakae nae mwaka huu, kuna ukuta wa kuanzia, ule wa kibarazani kwetu uko wazi mpaka leo.

Mjukuu wa mchoma chokaa,
Dunda, Bagamoyo