Barua kwa Mwanangu: Ifuate Nguvu Kutoka Mota Hadi Tairi

Arusha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na mama yako pamoja na wadogo zako wanakusalimu sana. Nimefurahi kusikia kwamba kile kigari cha rimoti tulichokiunga pamoja mezani, wewe ukisoma kijitabu nami nikikaza skrubu, sasa kinapanda miamba myekundu ya Moab huko Utah. Lakini umenieleza mambo matatu kwa mkupuo: kwamba kinalia tak-tak kinapobanwa kwenye ufa wa mwamba, kwamba magurudumu ya mbele wakati mwingine yanasimama huku ya nyuma yakiendelea kuvuta, na kwamba umekwisha kuweka kando fedha za kununua seti nzima ya gia za chuma. Hilo la tatu ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu huu. Nakuomba usinunue chochote kabla hujajua nguvu inapotea wapi.

Nguvu ya kigari hicho ina njia moja. Inatoka kwenye mota, inaingia kwenye gia ndogo iliyofungwa kwenye shafti ya mota, inapokewa na gia kubwa yenye klachi ya kuteleza (huachia mzigo ukizidi), inapita kwenye giaboksi, kisha inagawanyika kwenda propela ya mbele na ya nyuma, zile fito ndefu zinazopeleka mzunguko kwenye ekseli. Ikifika kwenye ekseli, pinioni (gia yenye meno machache iliyoungana na propela) inaisukuma krauni (gia pana ya ndani ya ekseli), krauni inazungusha shafti za pembeni, na mwisho kabisa kuna pini nyembamba inayoshika kitovu cha pembe sita, kile cha milimita 12, ambacho ndicho kinachozungusha gurudumu. Sasa tafakari: ikiwa nyuma inavuta vizuri wakati mbele imesimama, basi mota, gia zake, klachi na sehemu kubwa ya giaboksi havina kosa. Ugonjwa uko kuanzia pale propela ya mbele inapotokea, na hiyo tayari ni nusu ya kazi, kabla hujashika bisibisi.

Nasisitiza hivi kwa sababu nilishawahi kulipia kosa la kutofikiri. Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu, mteja aliniletea Land Cruiser ya kubebea watalii ambayo mbele haikuvuta hata kidogo. Niliishusha difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, nikaifungua yote, nikamaliza siku nzima ndani ya grisi, na sikuona jino hata moja lililovunjika. Kumbe hubu ya gurudumu moja, ile inayounganisha shafti na gurudumu, ilikuwa haishiki. Difu ya gari lile ilikuwa ya kawaida, na difu ya kawaida hupeleka nguvu upande ulio mwepesi, kwa hiyo upande mmoja ukiachia, na wa pili nao haupati kitu. Kigari chako ni tofauti, kwa kuwa krauni yake imefungwa moja kwa moja na shafti zote mbili. Pini ya kitovu ikikatika upande wa kushoto, gurudumu la kushoto tu ndilo litakaloachia, na la kulia litaendelea kuvuta. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuongoza.

Anza bila betri. Pandisha mbele ya kigari juu ya kiboksi, magurudumu yaning'inie, kisha shika gurudumu moja na uzungushe la pili. Hayatakiwi kupishana. Yakipishana, kosa liko baina yao: pini ya kitovu, shafti ya pembeni, au skrubu zinazoshikilia krauni. Yasipopishana, mwombe rafiki ayashike yote mawili kwa nguvu, nawe uichomoe propela upande wa giaboksi, kisha uizungushe kwa vidole. Mchezo mdogo, yaani kulegea kidogo kabla meno hayajashikana, ni wa kawaida. Lakini propela ikizunguka yenyewe huku magurudumu yametulia, basi ama imeachia pale inapoungana na pinioni, ama pinioni inairuka krauni. Ikikataa kuzunguka kabisa, ekseli ni nzima, nawe uhamie upande wa giaboksi.

Mimi namshuku mdudu mmoja kuliko wote, nao ni skrubu inayopita kwenye kichwa cha propela na kukishika juu ya shafti. Hulegea polepole kwa mtikisiko, na mara nyingine haidondoki. Hubaki imening'inia, ikishika leo na kuachia kesho, na ndiyo maana tatizo lako linakuja na kuondoka. Chukua wino mweupe wa kufutia makosa, uchore mstari mmoja mwembamba unaoanza kwenye shafti na kuvuka hadi kwenye kichwa cha propela, mbele na nyuma. Endesha dakika kumi, kisha utazame. Mstari ukikatika, yaani nusu moja ikihama na kuiacha nyingine, umempata. Itoe skrubu, isafishe kwa spiriti hadi iwe kavu, tia tone moja la gundi ya buluu ya kushikiza skrubu, na uiache usiku kucha. Angalia sana gundi hiyo isiguse plastiki, kwa kuwa baadhi ya plastiki huzipasua.

Sasa tuje kwenye ile sauti. Kata usukani hadi mwisho, ukisukumize kigari dhidi ya jiwe taratibu, halafu rudia magurudumu yakiwa yamenyooka. Ikilia pale tu usukani unapokatwa, tazama viungo vya shafti za pembeni karibu na magurudumu. Ikilia hata magurudumu yakinyooka, hiyo ni pinioni inayoruka meno ya krauni. Jiwe la mchanga la Moab linashika mpira vizuri mno, kwa hiyo gurudumu halitelezi na mzigo wote unarudi kwenye meno hayo.

Dawa yake mara nyingi ni shimu, zile washa nyembamba kama karatasi. Krauni inakaa baina ya beringi mbili. Hamisha shimu moja kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili krauni isogee kwenye pinioni. Zungusha kwa vidole baada ya kila shimu. Unatafuta mchezo mdogo sana ambao kidole kinauhisi ingawa jicho halioni. Ukihisi ugumu sehemu moja ya mzunguko, umezidisha, na beringi zitakufa mapema. Meno yaliyokwisha kulika badilisha, lakini badilisha pinioni na krauni kwa pamoja, kwa kuwa jipya likikutana na la zamani huliana upya. Hapo chuma kinastahili fedha yako. Kujaza chuma mahali pengine pote ni kuhamishia udhaifu kwenye kiungo kinachofuata.

Ikitokea siku magurudumu yote manne yakasimama huku mota ikilia, hapo ndipo urudi juu: skrubu ya gia ndogo ikae juu ya ubapa wa shafti ya mota, na kati ya gia ndogo na kubwa pabane kipande cha karatasi unapokaza mota, kisha ukitoe. Beringi zilizoingia maji na ule mchanga laini zioshe, uzikaushe, uzitie mafuta, zinazokwaruza zitupe.

Kabla hujafungua chochote, nirekodie hiyo tak-tak kwa simu, mara moja usukani ukiwa umekatwa na mara moja ukiwa umenyooka, unitumie. Mimi huku nitaisikiliza gereji kesho asubuhi, kabla mashine hazijaanza kelele.

Ni mimi baba yako