Mwanangu, mchana unakula nini?

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika na hela ya saruji imefika, baba yako ameshanunua mifuko na ameifunika kwa turubai maana mvua huku Mwanza hazina taarifa. Sote hatujambo.

Kaka yako ametuambia kwamba ulishikwa na kizunguzungu mazoezini, ukakaa kando ya barabara hadi wenzako wakakununulia soda. Wewe ulipopiga simu Jumapili hukulisema hilo hata kidogo. Nikamuuliza, siku hiyo mchana alikula nini? Andazi na chai ya rangi. Mama, unasimama juani saiti tangu saa moja asubuhi, unabeba vyombo vya kupimia kutoka alama hadi alama, kisha saa kumi na moja jioni unaingia barabarani kukimbia kilometa kumi. Kwa andazi?

Mbio za Moshi tunazisubiri kuliko wewe. Baba yako hajabakiza mtu mtaani ambaye hajaambiwa kwamba binti yake atakimbia kilometa 21. Lakini mimi nikisikia kilometa 21 nauliza kwanza mchana unakula nini.

Najua majibu yako: muda sina, friji sina. Ni kweli friji huna, na ndiyo maana usiwasikilize wanaokwambia upike Jumapili ugawe kwenye makopo ya wiki nzima. Ushauri huo ni wa wenye friji. Wali uliolala nje kwa joto la Dar es Salaam unaumiza watu. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake zinavumilia kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi zinaota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto asubuhi. Kwa hiyo chakula chenye majimaji kipike alfajiri hiyo hiyo, kifungwe kikiwa kinatoa mvuke, na kiwe bado cha moto saa saba unapokifungua. Kisichoweza kubaki cha moto kiwe kikavu kabisa, au liwe tunda zima utakalomenya hapo hapo. Katikati ya hayo mawili usibebe kitu.

Una jiko la gesi la plati moja na sufuria moja la maana, basi pika wali choroko. Usiku chambua choroko robo kikombe, yaani kama gramu 50, osha, loweka. Saa kumi na moja alfajiri mwaga maji ya kulowekea, weka mapya vikombe viwili na nusu, bandika. Yakianza kutokota osha yai moja kwa nje, litumbukize humo humo kwa kijiko, ulitoe baada ya dakika kumi. Choroko zilizolowekwa zinaanza kupasuka kwenye dakika 20. Hapo tia mchele nusu kikombe, kama gramu 100, chumvi, kijiko cha mafuta, kitunguu na karoti iliyokunwa. Maji yasimame juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole. Yakipungua ongeza ya moto, yasitiwe ya baridi. Funika, punguza moto, dakika 15 hadi 18. Zikibaki tatu tandaza juu mchicha uliokatwa, ufunike tena. Haizidi dakika 45, na kukata kitunguu na karoti unafanya wakati choroko zinachemka.

Nyanya na ndimu usizitie kabla choroko hazijalainika, uchachu unazifanya zigome kuiva ukaishia kupoteza gesi. Na tui usitie siku za kazi. Najua unalipenda, lakini tui ndilo linalowahi kuchacha, na ukilifungua saa saba limeharibika utarudi kwenye andazi. Ladha ikipungua, weka kijiko cha karanga za kusaga.

Maharage yaache kwa Jumapili. Yanataka kulowekwa usiku kucha, maji yamwagwe, halafu yachemke kwa nguvu, hasa yale mekundu, ambayo yakipikwa nusunusu kwa moto mdogo yanaleta kutapika na tumbo la kukata. Saa moja na nusu ya gesi kila alfajiri hutaiweza.

Sasa hotpoti. Lile kubwa nililokupa ni la familia ya watu sita, mtu mmoja haliwezi. Chakula kikikaa chini na nafasi tupu ikawa kubwa juu, joto linaishia kwenye hiyo nafasi. Nunua la lita moja, lenye mfuniko wa kukaza. Wakati wali unakauka, lijaze maji yaliyochemka, funga kwa dakika kumi, mwaga, futa, pakia mara moja na ushindilie hadi karibu na mdomo. Lile yai lifukie katikati ya wali likiwa na ganda lake. Usilifungue saa nne kuchungulia wala kumwonjesha mtu, joto likishatoka halirudi. Saa saba likitoa mvuke, kula. Likiwa vuguvugu, au wali unanata au unanuka uchachu, mwaga, nenda kwa mama ntilie. Usile kwa kuonea huruma mchele.

Kwa mama ntilie nako kuna kuchagua. Omba kinachopakuliwa kutoka sufuria lililo motoni: ugali na samaki wa mchuzi, au wali maharage, mwambie aongeze maharage na mboga za majani. Chipsi mayai si sumu, lakini mafuta yale yanakaa tumboni muda mrefu, jioni ukianza kukimbia ndiyo yanapanda kifuani. Kula siku ya mapumziko.

Nakutumia dagaa kilo mbili. Ni wale waliokaushwa kwenye chanja, sikuchukua wa kuanikwa chini, ila mchanga haukosekani kabisa. Toa vichwa, maana ndivyo vyenye uchungu. Waweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano, wasugue taratibu, suuza mara tatu au zaidi hadi ukipitisha kidole chini ya beseni husikii chengachenga. Watandaze juu ya kitambaa hadi wakauke, ndipo uwakaange kwa mafuta kidogo, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, kama dakika kumi. Vunja mmoja: akikatika kwa mlio ameiva, akipinda bado ana maji. Nyunyiza chumvi, na pilipili ya unga ukipenda. Ndimu kamulia wakati wa kula tu. Wengi wanaharibu hapa mwisho, wanawafunga kwenye kopo wakiwa na moto, mvuke unageuka maji, kesho kutwa wana ukungu. Waache wapoe kabisa, kopo liwe kavu, na uchote kwa kijiko kikavu. Kaanga wa wiki moja moja, wengine wabaki wabichi mfukoni.

Ukipiga hesabu, choroko zile zinakupa protini karibu gramu 12, yai 6, mchele 7, na dagaa gramu 20, ambao ni konzi moja, wanafika 12. Jumla ni 37. Mtu anayefanya mazoezi kama yako anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wewe una kilo 58, basi ni kama 70 hadi 93. Ukila hivyo mchana, hata usiku ukila kidogo hujapungukiwa sana. Andazi ni unga, sukari na mafuta. Linakufikisha saa tisa, halafu basi.

Chai nayo. Kama hapa nyumbani mlizoea kuiona chai mezani pamoja na sahani, wewe itenge. Majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye choroko na mchicha, na msichana anayekimbia anayahitaji kuliko watu wengi. Isubiri saa nzima baada ya kula. Badala yake kula chungwa, hilo linasaidia chuma kuingia. Saa kumi kula ndizi mbivu moja au mbili na maji, usianze mazoezi na tumbo lililokaa tupu tangu saa saba.

Na nenda ukapime wingi wa damu wiki hii. Chakula nimekisema kwa sababu ndicho ninachokijua, lakini kizunguzungu usikibahatishe. Majibu nitumie mimi mwenyewe, yasipitie kwa kaka yako.

Nyumbani, chumba cha nyuma tumeshaezua, fundi anasema bati sita zinafaa kurudishwa. Mbuzi mdogo amezaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri, baba yako anamlisha kwa chupa. Yule jirani wa kona anaozesha mwezi ujao, tutahitaji vyombo vya kuazimisha, kwa hiyo lile hotpoti kubwa likabidhi kwa kaka yako akija.

Mzigo nauweka kwenye basi la Ijumaa, ukaufuate stendi ya Magufuli Jumamosi ukitoka mazoezini. Nimeandika namba yako juu ya kiroba. Dagaa wako upande wa juu, chini kuna karanga na mchele kilo tano. Kiroba kikiwa kimelowa, waanike dagaa siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Na Jumatatu saa saba nitapiga simu, uniambie umekula nini.

Mama yako