Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alama za Vifaranga vya Gayogayo

Ndugu wanachama, Assalaamu alaykum.

Habari za ada na ukarabati wa kuta za mabwawa mtazisikia kwa Mshika Fedha. Mimi nitabaki kwenye suala lililotushughulisha zaidi mwaka huu, nalo ni namna ya kumtambua gayogayo (yule samaki bapa mwenye macho yote mawili upande mmoja) tuliyemlea sisi akishachanganyika na wenzake katika Ghuba ya Chwaka. Tukiachia vifaranga bila ya alama, hatutakuwa na jawabu mvuvi atakapotuuliza kama samaki wameongezeka kwa kazi yetu au kwa neema ya msimu tu.

Jaribio letu la kukata ncha za mapezi halikufaa. Mapezi yaliota upya, na hata sisi tuliokata tukabishana yupi ni yupi. Kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyelitetea kwa wepesi wake.

Wajapani, ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakiachia gayogayo wao waitwao hirame, hutumia kasoro ya malezi yenyewe: kifaranga wa tangini mara nyingi huota mabaka meusi upande wa chini usio na macho, ambao kwa samaki wa baharini kwa kawaida ni mweupe, na mabaka hayo hudumu, hata mkaguzi akatosheka kumgeuza samaki sokoni. Alama hii haina gharama, lakini kadiri malezi yanavyokuwa mazuri ndivyo mabaka yanavyopungua, kwa hiyo tukiyategemea peke yake tutawakosa wale tuliowalea vyema kuliko wote.

Kamati inapendekeza tuongeze rangi ya alizarini. Vifaranga huogeshwa humo kwa muda wa siku moja hivi, na rangi huacha katika vijiwe vya masikio pete inayong'aa kwenye hadubini ya mwanga maalumu. Kundi lililoogeshwa mara mbili huwa na pete mbili. Tetrasaiklini, ile dawa ya kuua bakteria, nayo huacha pete, ila kalsiamu na magnesiamu ya maji ya bahari huidhoofisha. Kwa kuwa pete haionekani mpaka kichwa kipasuliwe, itatubidi tununue vichwa kwa wavuvi, na fungu hilo limo katika bajeti mtakayoipigia kura.

Kwa sasa, kila anayepata gayogayo amgeuze kabla ya kumpaa magamba, aandike katika daftari la diko kama ana mabaka au hana, kwani wa baharini nao huwa nayo mara chache, na idadi yao lazima tuijue kabla ya kuachia kifaranga hata mmoja.