Mzazi mweusi akisema anaumwa, asikilizwe

Ndugu Mhariri,

Hapa Columbus, Ohio, mdogo wangu alijifungua salama mwaka juzi. Siku ya tisa kichwa kikaanza kumgonga na macho yakaona vimulimuli. Tulipopiga simu hospitali alikojifungulia, tukaambiwa ni uchovu wa kulea, ameze dawa ya maumivu alale. Mama yetu, aliyekuja kumlea binti yake huyo hadi arobaini itimie, akakataa katakata. Usiku uleule tulimpeleka hospitali nyingine, presha ikakutwa 178 kwa 112. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni, nasi tulidhani hatari imekwisha mtoto alipolia.

Ndugu zetu nyumbani huamini kwamba ukishafika Marekani, uzazi hauna hofu. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 2023, kwa kila vizazi hai 100,000, walikufa kwa uzazi wanawake weusi 50.3, weupe ni 14.5. Na elimu haikingi. Shalon Irving alikuwa mtafiti wa magonjwa katika CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, taasisi ileile inayohesabu vifo hivi. Januari 2017, wiki chache baada ya kujifungua, alifariki. Alikuwa amerudi kwa wahudumu mara kadhaa na presha yake iko juu. Mwaka huohuo mcheza tenisi Serena Williams, mgonjwa wa kuganda damu anayejijua, alilazimika kusisitiza apigwe picha ya mapafu baada ya kujifungua kwa upasuaji. Muuguzi alidhani dawa zimemchanganya. Madonge ya damu yalikutwa.

Wapo wanaosema ni miili yetu ndiyo mibovu. Nawakatalia. Kamati zinazochunguza vifo hivi huku Marekani zimeona kwamba zaidi ya asilimia 80 vingezuilika, na zaidi ya nusu hutokea baada ya wiki ya kwanza, mama akiwa kwake. Kama mtu hajapimwa presha, utailaumuje damu yake?

Naziomba hospitali zimpe kila mzazi kipimo cha presha aende nacho nyumbani, na muuguzi amfuate huko kabla wiki haijaisha. Na kwa dada zetu wasiojua Kiingereza, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo: mkalimani ni haki yenu kisheria, bila malipo, msikubali mtoto wa shule awatafsirie. Mkifika mapokezi ya dharura, neno la kwanza liwe kwamba umejifungua ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita, kwa sababu aliyekaa pale mezani anaona mtu mwenye maumivu ya kichwa tu.

Dada wa mzazi,
Columbus, Ohio