Jumanne tumbo, Alhamisi mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Gazeti lenu hunifikia siku mbili tatu baada ya kutoka, likiwa tayari ni la kufungia vitumbua, ila nalisoma kabla sijalichana. Kama kuna mwenzangu alishaandika haya na ukurasa wake ukaondoka na kitumbua cha mteja, mniwie radhi kwa kurudia.

Mimi ni mkazi wa Tanga mjini. Nina watoto wawili na ujauzito wa miezi 7. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka minne. Mdogo ni wa kike, ana miezi 16. Hesabu mnaiona wenyewe, na mtaani kwangu waliifanya kabla yenu: mimba imeingia mtoto ana miezi 9.

Sikuipanga. Nilishika neno la wakubwa kwamba anayenyonyesha hashiki mimba, na kwa yule wa kwanza lilinifaa. Baadaye ndiyo nikaelezwa kuwa kinga hiyo ina masharti matatu na yote yawepo kwa pamoja: mtoto awe hajafikisha miezi 6, awe ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na mama awe hajaanza kuona siku zake. Mimi nilikuwa na sharti hilo la mwisho tu. Na kwa sababu siku zenyewe zilikuwa hazijarudi, sikuwa na cha kunishtua zilipoendelea kutorudi.

Aliyenishtua ni iliki. Kazi yangu ni vitumbua. Mchele nauloweka mchana, jioni naupeleka mashine, usiku unga unaumuka, saa kumi na moja alfajiri kikaango kiko jikoni. Alfajiri moja nikafungua ndoo, harufu ya iliki ikanipanda kichwani, nikakimbilia uani. Nilisimama pale nimeshika ukuta, nikakumbuka kwamba hata mimba zile mbili zilianza hivihivi. Wateja wangu wa kijiwe cha bodaboda walikula vitumbua visivyo na iliki wiki nzima, wakalalamika, wakalipa.

Nikaenda zahanati. Kliniki ya wajawazito pale ni Jumanne. Kliniki ya watoto ni Alhamisi. Naomba mzishike siku hizo mbili, maana barua yangu yote imo humo.

Jumanne ya kwanza waliniuliza mume yuko wapi. Mume wangu ni dereva wa lori, siku ile alikuwa Tunduma kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Nikaambiwa kama sina mwenza niliyekuja naye, niende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa nikachukue barua. Nikamfuata mwenyekiti, akaniandikia kwamba ananifahamu na kwamba mume wangu yupo safarini. Sina ugomvi na utaratibu wa baba kupima pamoja na mama, faida yake naijua. Ila barua ile iliniuma kidogo. Kuolewa nimeolewa na mahari imelipwa, halafu natembea na karatasi yenye mhuri kuthibitisha kwamba mume ninaye.

Nikarudi Jumanne iliyofuata. Wakapima damu, wakapima presha na mkojo, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Kazi nzuri, tena bure kama sera inavyosema. Nesi anajaza kadi, hajainua kichwa, akauliza mtoto wa mwisho ana umri gani. Nikasema mwaka mmoja.

“Bado ananyonya?”

“Ananyonya.”

“Mwachishe leo. Unamnywesha mtoto maziwa ya mimba?”

Akaita namba inayofuata.

Mhariri, mimi ni mtu wa kutii. Nilipotoka nilipitia sokoni nikanunua shubiri. Usiku mwanangu alipoamka kama kawaida yake saa nane, nikampa ziwa lenye shubiri. Alivuta mara moja akaachia. Hakulia papo hapo. Alilifuta kwa kiganja, akakinusa kile kiganja, kisha akanitazama usoni muda mrefu kama anayetaka kuhakikisha ni mimi. Ndipo akalia. Usiku wa tatu hakuniomba tena, alilala ameng’ang’ania ncha ya kanga yangu na kidole mdomoni. Nikajipongeza kwamba nimeimaliza kazi kwa siku tatu.

Sasa ziwa lilikuwa ndiyo nusu ya chakula chake, na mimi sikuwa nimeweka kitu mahali pake. Nilimpa uji wa sembe na sukari, chai na kitumbua, wali na mchuzi. Anaonja, anakataa. Akaharisha mara mbili. Mwezi ule nilipaswa kumpeleka mizani siku ya Alhamisi, nikaacha. Niliacha kwa sababu Jumanne zangu mbili zilikuwa zimeshakwenda, moja kwa barua ya mwenyekiti na moja kwa vipimo. Siku ya kliniki sikaangi, maana ukitaka namba ya mbele uwe kwenye benchi saa moja asubuhi. Unga wa kilo tatu za mchele ukikaa siku moja zaidi unachacha, huo ni wa kumwaga. Nikajiambia mizani itasubiri mwezi ujao.

Mizani ilisubiri, mtaa haukusubiri. Mtoto alianza kuonekana kichwa. Shingo ikawa nyembamba, mapaja yakalegea ngozi. Mama mkwe akaja kutoka Muheza na machungwa yake, akamshika mjukuu, akamgeuza, akanitazama tumbo, akasema taratibu, “Mwanangu, mtoto huyu kabemendwa.”

Wasomaji wa pwani na bara wanalijua neno hili. Kwa asiyelijua: inaaminika kwamba mtoto anayenyonya wazazi wakikutana kabla ya wakati, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akampakata mtoto, basi mtoto hudhoofu, hachelewi kuharisha, hachangamki. Na neno hili lina mkia mrefu. Ukishaambiwa mtoto kabemendwa, swali la pili ni nani kabemenda. Mume dereva wa masafa, mke yuko peke yake nyumbani na mimba nyingine. Wifi zangu hawakuhitaji kumaliza sentensi. Simu ya mume wangu ya usiku ule ilikuwa fupi. “Wanasemaje huko?” akauliza. Nikasema wanasema mtoto kabemendwa. Akanyamaza, tukawa tunasikilizana injini za malori.

Nilimwogesha dawa aliyoileta mama mkwe siku saba, na uzi mweusi nikamfunga kiunoni. Siwachekei wanaofanya hivyo, nami nilifanya. Mama mkwe hakuwa na ubaya, yeye alilala sakafuni siku zote saba ili mjukuu alale naye, na ni yeye aliyemfanya ameze yai kwa mara ya kwanza. Sijui kwa dawa ile aliamini kiasi gani. Kwa lile yai namshukuru mpaka leo.

Alhamisi ya mwezi uliofuata nikaenda. Mtoto akaning’inizwa. Mara ya mwisho, alipotimiza mwaka, alikuwa na kilo 8.7. Safari hii mshale ukasimama kwenye 7.9. Nesi wa Alhamisi, binti mdogo tu, akaunganisha nukta kwenye kadi na mstari ukashuka kama ngazi ya kwenda pwani. Akachukua utepe wa kupimia mkono, ukasomeka sentimita 12.3, rangi ya njano, ile ya tahadhari.

“Mama, huyu umemwachisha ziwa?”

“Nimemwachisha.”

“Kwa nini?”

“Nilikatazwa. Nina mimba.”

“Nani kakukataza?”

Nikageuka nikamwonyesha chumba cha jirani. Siku ile kilikuwa kimefungwa, maana ilikuwa Alhamisi.

Binti yule alivuta kiti. Alinieleza mambo ambayo tangu siku ile nimeyauliza kwa watu wengine wawili wa afya, yakawa yaleyale. Mama mwenye mimba isiyo na tatizo anaweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa hayageuki sumu. Yanapungua kadiri mimba inavyokua na ladha yake hubadilika, wapo watoto wanaoacha wenyewe kwa hilo. Anayetokwa damu, aliyewahi kujifungua njiti, mwenye mimba ya mapacha au iliyowahi kutishia kutoka, huyo aongee na mtaalamu kwanza, na huenda akashauriwa aache. Mimi sikuwa na hata moja. Kilichotakiwa kwangu ni kula zaidi, kwa kuwa nalisha wawili, na kama ni kumwachisha mtoto, basi nimwachishe polepole, wakati huo sahani yake ikiongezeka: karanga zilizosagwa kwenye uji, dagaa waliopondwa, yai, parachichi, mchicha wenye mafuta kidogo, mara nne au tano kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye mpaka miaka miwili na kuendelea. Qurani nayo imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na pale inaporuhusu kuachisha kabla ya hapo imeweka sharti la baba na mama kuridhiana na kushauriana. Nami nilishauriana na muuza shubiri.

Nilirudi nyumbani nikajaribu kumrudisha ziwani. Alilishika, akalichezea, akaweka mdomo, akacheka, akashuka kwenda kucheza. Alikuwa ameshasahau. Au hajasahau shubiri, sijui. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko maneno ya wifi.

Tukaanza na karanga na dagaa. Juzi alikuwa na kilo 8.8, utepe umesoma kijani. Uzi mweusi ulikatika wenyewe wakati wa kuoga na hakuna aliyeuulizia. Mtaani wanasema dawa ya Muheza imefanya kazi. Nimewaacha.

Sasa hoja yangu. Nesi wa Jumanne alimwona mjamzito. Nesi wa Alhamisi alimwona mtoto anayepungua. Mimi ni mmoja, na kadi zote mbili nazibeba kwenye mfuko mmoja wa nailoni, lakini pale zahanati hazikuwahi kulala kwenye meza moja. Lau yule wa Jumanne angesema, “Hebu nione kadi ya huyo wa mgongoni,” angeona mtoto mwenye afya anayetegemea ziwa, na pengine angesita kabla ya kusema mwachishe leo. Lau Alhamisi ingekuwa siku ileile ya Jumanne, mwezi ule nisingeruka mizani, na kushuka kwake tungekuona kungali ni gramu chache. Badala yake pengo likajazwa na neno kabemendwa, maana ndilo pekee lililokuwa linamtazama mama na mtoto kwa pamoja. Wazee wetu hata kama sababu waliikosea, walau walijua kwamba mimba na mtoto wa ziwani ni habari moja.

Mahudhurio ya mjamzito sasa yanapendekezwa yafike 8, si 4 kama zamani. Mtoto wa chini ya miaka miwili anatakiwa mizani kila mwezi. Mkubwa wangu naye hajatimiza mitano, na sina pa kumwacha, tunakwenda naye. Anayeniona njiani anamwona mmoja mgongoni, mmoja mbele na mmoja mkononi, na nauli ya bajaji ni ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi. Wahusika wa afya watasema wahudumu ni wachache ndiyo maana siku zimegawanywa. Nawaelewa. Basi kama siku moja haiwezekani kwa wote, iwe kwa sisi wenye tumbo na mtoto wa chini ya miaka miwili tu. Hatuko wengi kwenye benchi, najua kwa sababu huwa tunatafutana kwa macho. Na kama hilo nalo ni zito, swali moja liongezwe Jumanne: kadi ya mtoto iko wapi? Halihitaji bajeti.

Kwako wewe Mhariri, naomba ukurasa wenu wa afya uandike habari ya kunyonyesha ukiwa mjamzito, na lisemwe neno kubemenda kwa jina lake. Msilizungushe kwa kuita “imani potofu za baadhi ya jamii”. Mkiandika hivyo mama mkwe wangu hatajua kuwa anaambiwa yeye, na mimi ndiye nimsomeaye.

Nami nina haraka kidogo. Mwanangu anatimiza miezi 18 mwezi uleule ninaotarajia kujifungua, na miezi 18 ndiyo siku ya chanjo yake ya pili ya surua, ambayo ni Alhamisi. Tumbo ni Jumanne. Nimemwambia mume wangu ajitahidi awe ameshatoka Tunduma, mmoja wetu ashike kadi hii na mwingine ile. Uchungu ukinijia Jumatano, sijui watatupokea kwa utaratibu gani.

Mama wa wawili na tumbo,
Tanga