Salamu za Krismasi kutoka Marangu, na kiboksi cha jibini

Shimbonyi, ndugu, jamaa na marafiki. Nawaandikia nikiwa kwenye kigoda jikoni kwa mama, asubuhi ya tarehe 24. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na Mlima Kilimanjaro hatujauona tangu juzi. Waliopanda jana kutoka Dar wanasema stendi ya Moshi hakuna pa kukanyaga. Nauli waliyolipa sitaitaja, isije ikawaharibia sikukuu.

Mwaka huu mdogo wangu, anayesoma Ufaransa, katuletea jibini ndani ya kiboksi cha mbao cha duara. Inaitwa Mont d'Or. Mama alifunua, akanusa, akafunika tena. "Hii ilikufa lini?" Sikumlaumu. Ngozi yake imekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa kikasahaulika, na imezungushiwa mkanda wa gome la mti wa jamii ya msonobari, kwa hiyo inanukia msitu na zizi kwa pamoja. Ukiitoboa kwa kijiko, ndani ni uji mzito.

Mdogo wangu alipoanza kueleza inakotoka ndipo nilipoacha kumenya ndizi. Ni milima ya Jura, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi. Mlima wenyewe wa Mont d'Or una mita 1,463. Jamani, hiyo si ndiyo mita ya vihamba vyetu, haya mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba? Huku kwa urefu huo tunavuna ndizi na kahawa. Kule saa hizi ng'ombe wamefungiwa ndani wanakula majani makavu. Sisi tuko kama digrii 3 kusini mwa ikweta, wao karibu 47 kaskazini, basi. Kuna kijiji kinaitwa Mouthe, unapoanzia Mto Doubs, hakifiki hata mita 1,000, lakini Januari 1968 kilipimwa nyuzi 36.7 chini ya sifuri. Ni ubaya wa bonde: hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka kutoka pembeni na kutuama chini kama maji kwenye karai.

Mvua wanayo, inaletwa na pepo za magharibi kutoka Atlantiki, kama sisi tunavyoletewa na Bahari ya Hindi. Ila mwamba wao ni wa chokaa, maji yanazama, udongo ni mwembamba, na majira ya joto ni mafupi. Nafaka inasumbua, majani yanastawi. Basi wakafuga. Jibini kubwa ya huko, Comté, ina kilo kama 40 na inakula lita kama 400 za maziwa. Nani ana lita 400 peke yake? Ndiyo maana tangu karne ya 13 majirani humimina maziwa yao pamoja. (Hapo mama akaingilia: akina mama wa Nronga, Machame, wana ushirika wao wa maziwa tangu miaka ya 1980, na hawakungoja theluji.) Baridi ikiingia maziwa yanapungua, hayatoshi ile kubwa, ndipo inatengenezwa hii ndogo. Kisheria ni kuanzia 15 Agosti hadi 15 Machi tu.

Nimekaa nikiliwaza hilo. Wao walilazimika kuweka maziwa kwa sababu kuna miezi hakuna jani bichi. Ng'ombe wa mama leo kala mgomba uliokatwakatwa na majani yaliyopandishwa kutoka tambarare, kama alivyokula Machi na kama atakavyokula Julai. Maziwa yakizidi yanaingia kwenye kibuyu, siku mbili tatu ni mtindi, wiki haiishi kimeoshwa. Hatujawahi kuwa na cha kuweka mpaka Desemba, isipokuwa watu. Kihamba hakigawanyiki kwa wana watano. Wanne huteremka na basi, mmoja akabaki na migomba. Theluji ya kule iliwafungia watu majumbani, sisi ufinyu wa ardhi ulitutoa. Ndiyo maana wiki hii kila nyumba ina magari matatu uani na vitanda havitoshi.

Jibini hiyo huliwa ya moto. Oveni hatuna, tukaiweka kwenye sufuria lenye makaa juu na chini, kama tunavyooka keki, na kiboksi kikashika moto upande mmoja. Tukakizima, tukala na ndizi za kuchemsha. Mama alionja kijiko, akaonja cha pili, hakusema neno.

Krismasi njema kwenu nyote, na mwaka mpya uwakute salama. Mlio barabarani, mwambieni dereva asikimbilie mtori, upo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva, na kesho baada ya misa anachinjwa mbuzi. Wa Rombo na Kibosho, karibuni pia, ila njooni na vikombe. Kiboksi mama keshakichukua, kaweka vitunguu saumu vyake, upande ulioungua kaugeuzia ukutani.