Silinda ichongwe kufuata pistoni

Mhariri,

Natengeneza mashine za boti hapa Kirumba, na nina jambo la kuwaambia wavuvi wenzetu wa Mwanza. Mashine nyingi zinazonifikia zimenoki muda mfupi baada ya silinda kuchongwa, yaani shimo lake kupanuliwa ili iingie pistoni kubwa zaidi, ile inayopanda na kushuka ndani yake. Mwenye mtumbwi hulaumu oili. Oili huweza kuwa chanzo, lakini naomba tuanze na vipimo.

Pistoni inunuliwe kwanza, ipimwe kwa maikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi mkubwa, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Kuandikwa 0.25 au 0.50 kwenye boksi, yaani milimita ilizozidi pistoni ya kawaida, hakutoshi. Pistoni ni ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma cha silinda. Nafasi kati ya pistoni na silinda ikiwa finyu kuliko ilivyoagizwa na mtengenezaji, pistoni itang'ang'ania mkiwa katikati ya ziwa, na upepo haumsubiri mtu. Silinda ipimwe ikiwa imepoa, juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili. Vipimo visipolingana, shimo ni la yai au limepanuka upande mmoja.

Kwenye mashine za tuu stroki, yaani za mipigo miwili ya pistoni, kuna jambo wengi hulipuuza, nalo linaniumiza sana: kingo za matundu ya silinda yanayopitisha mafuta na moshi zikiachwa kali baada ya kuchonga, hunasa ringi ya pistoni na kuivunja. Zilainishwe.

Ndugu mvuvi, kabla hujalipa, mwambie fundi apime mbele yako. Asiye na maikromita asikuchongee.

Fundi wa mashine za boti,
Kirumba, Mwanza